Kuchagua bunduki ya upepo ya springi kwa uwindaji wa sungura: nguvu kiasi gani inatosha

Swali la kwanza ambalo karibu kila mnunuzi humuuliza muuzaji ni bunduki ipi yenye nguvu kuliko zote, nami nilipotaka bunduki ya upepo ya kuwindia sungura niliuliza hilo hilo. Nilihangaika miezi kadhaa kupata cheti cha silaha kutoka polisi, kisha nikauziwa bunduki kubwa ya kukunja mtutu, nzito kama mchi wa kinu, ambayo boksi lake liliandikwa kwa herufi nyekundu kasi ya futi 1,400 kwa sekunde. Niliipeleka Shropshire, magharibi mwa Uingereza, kwa mkulima aliyeniruhusu kwa maandishi nimpunguzie sungura waliokuwa wakila ngano yake changa. Kwa umbali wa mita 25 risasi tano zilitawanyika upana wa kiganja, darubini ya kwanza ikaharibika kabla sijamaliza kopo la pili la risasi, na jioni moja nikampiga sungura mguu wa nyuma badala ya kichwa. Akajikokota hadi shimoni mwake, nami nikabaki nimepiga magoti mdomoni mwa shimo nikisikiliza. Mwezi uliofuata niliiuza. Haya ninayoyaandika ndiyo ambayo ningependa mtu aniambie kabla sijatoa pesa.

Bunduki ya springi haina mtungi wa hewa wala gesi ya kununua. Unapoikoki, wenzo au mtutu wenyewe unaisukuma pistoni nyuma na kuibana springi nene ya chuma mpaka ndoana ya kifyatulio iikamate. Ukifyatua, springi huirusha pistoni mbele ndani ya silinda, hewa iliyo mbele yake hubanwa na kupata joto kali kwa kufumba na kufumbua, na hewa hiyo ndiyo inayoisukuma risasi mtutuni. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba risasi ikiwa bado iko ndani ya mtutu, bunduki imekwisha kutikisika mara mbili: kwanza inarudi nyuma pistoni inapoanza kukimbia, halafu inavutwa mbele pistoni inapogota kwenye hewa iliyobanwa mwisho wa silinda. Kadiri springi inavyokuwa kali na pistoni inavyokuwa nzito, ndivyo mtikisiko unavyozidi, na ndivyo mtutu unavyohama kutoka pale ulipoulenga. Mwenye bunduki ya mtungi anaweza kuongeza nguvu bila kulipa sana kwa upande wa shabaha. Mwenye springi hulipa kila jouli anayoiongeza, na hulipa kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu nguvu yote ile imetoka kwenye bega na mkono uliokoki.

Hesabu yenyewe si ngumu, na ni vizuri kuifanya kabla ya kwenda dukani. Nguvu ya risasi hupimwa kwa jouli, ingawa Waingereza na Wamarekani bado wanapenda futi-pauni. Futi-pauni 12, kiwango ambacho kukizidi England kunahitaji cheti kama nitakavyoeleza kwenye sheria, ni jouli 16 na ushee. Risasi yenye kipenyo cha milimita 4.5, ambayo madukani huitwa 0.177, huwa na uzito wa takriban gramu 0.54, na ile ya milimita 5.5, yaani 0.22, huwa na takriban gramu 0.93. Ukizipa zote mbili jouli 16, ile ndogo hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 243 hivi kwa sekunde na ile kubwa kwa mita 186. Sasa chukua bunduki ya 0.22 yenye jouli 27, kiwango ambacho bunduki nzuri ya springi hukifikia bila kugeuka mzigo: risasi yake hutoka kwa mita 241 kwa sekunde. Yaani baada ya fomu zote za polisi, kabati la chuma na springi ya kukukata mkono, njia ya risasi yako angani imekuwa karibu sawa na ile ambayo bunduki ya kawaida ya 0.177 ilikuwa ikikupa tangu mwanzo. Ulichoongeza ni uzito wa kishindo inapofika. Kishindo hicho kina faida yake pale risasi inapopotoka kidogo au upepo unapovuma kutoka ubavuni, sikatai, lakini sungura aliyepigwa sawasawa kichwani kwa risasi ya jouli 8 hafi zaidi akipigwa kwa ya jouli 15.

Ile namba ya futi 1,400 nayo ina hadithi yake. Ni mita 427 kwa sekunde, wakati sauti yenyewe husafiri angani kwa mita 340 hivi. Watengenezaji huipata kwa kutumia risasi nyepesi za aloi ambazo hakuna mwindaji makini anayezitumia, na hata kama ungeipata kwa risasi ya kawaida usingeitaka, kwa kuwa risasi hizi zenye kiuno chembamba huyumba zinaposhuka kutoka juu ya kasi ya sauti kuja chini yake, na mlio wake huwa kama mjeledi unaowaamsha sungura wa shamba zima. Mimi hutafuta bunduki ambayo kwa risasi ya uzito wa kawaida hubaki kati ya mita 180 na 280 kwa sekunde, kutegemea kipenyo, na sijali boksi linasema nini.

Kuhusu kipenyo, wabishi hawataisha. Maoni yangu ni kwamba chini ya jouli 16 chagua 0.177 kama unawinda uwanda wa wazi ambako umbali ni mgumu kukadiria, maana risasi yake huenda kwa mstari ulionyooka zaidi na kosa la mita tano halikuharibii sana. Chagua 0.22 kama unawinda ghalani, chini ya miti au kando ya ua wa miti ambako unajua kila kitu kiko mita ngapi. Ukiwa na bunduki ya cheti yenye jouli 24 na kuendelea, chukua 0.22 bila kusita. Kipenyo cha 0.25 ni kizuri katika bunduki za mtungi, ila katika springi nyingi risasi yake huenda polepole mno na kupinda njiani kama jiwe la manati.

Sheria huja mapema katika uchaguzi huu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu bunduki moja yenye jina lile lile hutengenezwa kwa nguvu tofauti kwa nchi tofauti. Katika England na Wales, kanuni za mwaka 1969 zinasema bunduki ndefu ya upepo inayozidi futi-pauni 12 inahitaji cheti cha silaha. Isiyozidi hapo mtu wa miaka 18 anaweza kuinunua, na muuzaji wa biashara lazima amkabidhi mnunuzi ana kwa ana. Uskoti inadai leseni hata kwa bunduki ya chini ya kiwango hicho tangu tarehe 31 Desemba 2016, na Ireland ya Kaskazini inaanza kudai cheti kwenye jouli 1 tu. Ujerumani, ambako bunduki bora za aina hii hutengenezwa, mpaka wa kununua bila leseni ni jouli 7.5, na bunduki hizo hupigwa mhuri wa herufi F ndani ya pembetano. Ukiiona herufi hiyo kwenye bunduki ya mkono wa pili ujue huenda una nusu ya nguvu uliyoitegemea. Ndugu zetu walioko Canada wakumbuke kwamba bunduki inayozidi mita 152.4 kwa sekunde na papo hapo ikazidi jouli 5.7 huhesabiwa kuwa silaha ya leseni. Marekani haina kikomo cha kitaifa, lakini kila jimbo lina orodha yake ya wanyama na vipenyo vinavyoruhusiwa, na orodha hizo hubadilika.

Msomaji aliyeko nyumbani naye nimwambie wazi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na marufuku hiyo haikusema bunduki ya upepo si bunduki. Tanzania inaruhusu uwindaji kwa vibali vinavyosimamiwa na TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, na suala la kumiliki bunduki, hata ya upepo, huanzia kituo cha polisi, si dukani wala kwenye mzigo wa shangazi anayerudi kutoka Ulaya. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mwenye kuishi mahali ambapo sungura, panya na kindi wa kijivu wanahesabiwa kuwa waharibifu wa mazao na miti, na ambapo mwenye ardhi anaweza kumwambia mtu, njoo uwapunguze. Njiwa mwitu nao wanaruhusiwa England, ila chini ya leseni ya jumla ambayo masharti yake yanapaswa kusomwa upya kila mwaka.

Tukija kwenye bunduki zenyewe, kuna njia mbili kubwa za kukoki. Katika ya kwanza unaukunja mtutu wenyewe kuelekea chini, ukiutumia kama wenzo. Ni nyepesi, ni rahisi kuweka risasi, na ina vipuri vichache vya kuharibika, lakini kila risasi inategemea mtutu kurudi pale pale ulipokuwa, na kitanzi cha bawaba kikilegea shabaha inaondoka nayo. Katika ya pili mtutu umefungwa moja kwa moja na unakoki kwa wenzo wa chini au wa pembeni. Wazo hilo si jipya: George Lincoln Jeffries wa Birmingham alilisajili mwaka 1904, na kampuni ya BSA ikaanza kuzitengeneza muda mfupi baadaye. Bunduki za namna hii huwa nzito zaidi, na uzito huo, ambao utaulaani ukipanda kilima, ndio unaotuliza mtikisiko unapofyatua.

Katika bunduki za wenzo wa chini, silinda huteleza nyuma na kuacha mwanya wa kuweka risasi kwa kidole gumba. Hapa naomba usome polepole. Wenzo ukikuponyoka wakati kidole kimo ndani ya mwanya ule, na kifunga usalama kikawa kimechakaa, silinda inarudi mbele kama panga. Kwa hiyo shika wenzo kwa nguvu kwa mkono mmoja, uubane pajani kama unaweza, weka risasi kwa mkono wa pili, toa kidole, ndipo uurudishe wenzo. Fanya hivyo kila mara, hata kama bunduki ina kifunga kizuri, hata kama sungura amekaa wima anakutazama. Kwenye bunduki za kukunja mtutu hatari ni ile ile: mtutu ukijirudi wenyewe kwa kifyatulio kuguswa, huweza kuvunja vidole na pia kuupinda mtutu.

Aina nyingine imeondoa springi ya chuma na kuweka silinda ndogo iliyofungiwa gesi, ambayo hubanwa na kutanuka badala yake. Hailii kama springi, haichoki ikikaa imekokiwa kwa saa nzima unaposubiri, na mtikisiko wake ni mfupi. HW90 ya kampuni ya Kijerumani ya Weihrauch ni mfano wa siku nyingi. Kasoro yake ni kwamba ikivuja imekufa, na huwezi kuifufua mezani kwako kwa kipande cha springi cha bei nafuu. Mimi nimebaki na chuma.

Wanaoniuliza majina huwatajia machache. Kampuni ya Weihrauch, iliyoko Mellrichstadt huko Bavaria, hutengeneza HW95, bunduki ya kukunja mtutu yenye uzito wa kilo tatu na nusu hivi, ambayo kwa mtu anayetembea mashambani kutwa nzima ni mwenzi mzuri kuliko nyingi. HW80, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni kaka yake mkubwa. Ndiyo bunduki ya kukunja mtutu ninayoiamini kwa jouli 24 hadi 27, na Wamarekani waliijua kwa jina la Beeman R1. HW77 na HW97 ni za wenzo wa chini, nzito, tulivu, na mkononi mwangu sasa nina HW97 fupi iliyotumika kabla yangu. Zote hizi hutumia kifyatulio kinachoitwa Rekord, ambacho hatua yake ya kwanza ni laini na ya pili hukatika kama kioo chembamba. Ukikizoea, vifyatulio vya bunduki za bei rahisi vitakukera. Air Arms ya Hailsham, kusini mwa Uingereza, hutengeneza TX200, nayo ni bunduki ambayo sina la kuilaumu zaidi ya uzito wake wa kilo nne na ziada kabla hujaweka darubini. Diana 54 ina ufundi wa peke yake: mtutu na silinda huteleza kwenye reli ndani ya kitako unapofyatua, hivyo mtikisiko haufiki begani, na kwa mtu anayetaka nguvu nyingi za springi na shabaha kwa pamoja ni miongoni mwa majibu machache ya kweli, ilimradi awe tayari kubeba mzigo.

Bunduki kubwa kupita hizo zipo, na wauzaji wanazipenda. Kabla hujainunua mojawapo, omba uikoki mara thelathini mfululizo pale pale dukani, pasipo kufyatua bila risasi, ukiishusha springi taratibu kama bunduki inaruhusu au ukipiga kwenye ukumbi wao wa majaribio. Kufyatua bila risasi huifanya pistoni igonge mwisho wa silinda chuma kwa chuma, na muuzaji ana haki ya kukufukuza. Kama kufikia mara ya ishirini mkono unatetemeka, fikiria utakavyolenga baada ya kukimbilia nyuma ya ua wa miti ukiwa umeinama. Bunduki nyingi za jouli 16 hukokiwa kwa nguvu ya kilo 15 hivi. Zile kubwa hupita kilo 22, na tofauti hiyo huonekana kwenye karatasi ya shabaha kabla haijaonekana kwenye msuli.

Darubini nyingi nzuri za bunduki za baruti hufa haraka juu ya springi, kwa sababu zimejengwa kustahimili teke la kwenda nyuma tu, na hili la kwenda mbele huzing'oa lenzi taratibu. Yangu ya kwanza ilionesha dalili siku tatu kabla: msalaba ulilala upande kidogo, nikadhani ni mimi ninayeishika bunduki vibaya. Nunua darubini ambayo mtengenezaji wake ameandika kwamba inafaa kwa bunduki za springi, na ambayo unaweza kurekebisha umakini wake kuanzia mita 10, kwani nyingine zimewekwa kwa mita 90 na zaidi na kwa umbali wetu picha yake huhama ukisogeza jicho. Kukuza mara 3 hadi 9 kunatosha. Kishikio kiwe kimoja kirefu badala ya pete mbili, na kiwe na pini ya kuzuia inayoingia kwenye tundu la juu ya silinda, la sivyo darubini itatambaa kurudi nyuma risasi hadi risasi nawe utaendelea kugeuza vifundo vyake bila kujua unakimbizana na nini.

Neno risasi katika lugha yetu lilikuwa jina la madini kabla halijawa jina la kile kinachotoka mtutuni, na katika bunduki hizi bado maana mbili zinakutana, kwani risasi zilizo nyingi ni za madini hayo. Nunua zenye kichwa cha mviringo. Zenye ncha kali huvutia macho na hukosa shabaha. Zenye kichwa bapa zinafaa ghalani kwa panya, chini ya mita 20. Usinunue makopo kumi ya aina moja kwa kuwa rafiki yako anaisifu: kila mtutu una tabia zake, na bunduki mbili pacha zilizotoka kiwandani siku moja zinaweza kupenda risasi tofauti. Anza na aina tatu au nne, kwa mfano JSB kutoka Czech yenye gramu 0.54 kwa 0.177, H&N ya Ujerumani, na moja nzito kidogo. Risasi nzito mno huichelewesha pistoni na kuongeza mdundo wake, hivyo mara nyingi za uzito wa kati ndizo zinazoshinda katika springi. Nawa mikono ukimaliza, na usiweke risasi mdomoni kama nilivyokuwa nikiwaona wazee wakifanya.

Namna ya kushika ni sehemu ya uchaguzi, kwa sababu bunduki usiyoweza kuishika inavyotaka si yako. Bunduki ya springi haipendi kubanwa. Weka kiganja cha mkono wa mbele wazi chini ya kitako, mahali uzito wake unapolingana, bila vidole kuikumbatia. Kitako kiguse bega bila kukandamizwa. Shavu liguse bila kuegemea. Unaiacha iruke itakavyo, na kwa kuwa kila mara itaruka vile vile, risasi zitaangukia mahali pale pale. Usiilaze juu ya ukuta au nguzo ya lango moja kwa moja, maana itaruka kwa namna nyingine. Weka mkono wako juu ya nguzo, kisha bunduki juu ya mkono. Bunduki za kukunja mtutu zenye nguvu nyingi huwa na makosa mengi hapa, wakati HW97 au TX200 husamehe zaidi, na hii ndiyo sababu mimi humshauri anayeanza achukue mojawapo ya hizo hata kama anaota bunduki kubwa.

Kununua ya mkono wa pili si aibu, na bunduki hizi hudumu miaka arobaini na zaidi zikitunzwa. Tazama vichwa vya skrubu kwanza: vilivyong'oleka vinasema mtu asiyejua aliifungua. Shika mtutu na kitako, ujaribu kuutikisa kushoto na kulia kwenye bawaba. Kisha kata kipande chembamba cha karatasi laini ya chooni, ukilaze juu ya kiungo cha mtutu na silinda, ufyatue ukiwa na risasi ndani. Karatasi ikirushwa, sili ya pale imekwisha. Si kasoro kubwa, sili hiyo ni ya bei ndogo, lakini ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei. Moshi na mlio mkali kama wa baruti humaanisha mtu ameweka oili ndani ya silinda, nayo inalipuka kwa joto la hewa iliyobanwa; usiifyatue tena mpaka ifunguliwe na kusafishwa. Mwisho ipimwe kwa kipimo cha kasi, kwa risasi aina mbili au tatu, kwa kuwa risasi moja inaweza kukupa futi-pauni 11.4 na nyingine katika bunduki hiyo hiyo ikakupa 12.1, na hapo mwenye kosa mbele ya sheria ni wewe uliyeishika. Hapa England mimi hutaka kipimo kisome kati ya 11 na 11.5, na nafasi inayobaki naiacha bila kuijutia.

Bunduki mpya usiihukumu mapema. Kwa risasi mia mbili za mwanzo hutoa moshi kidogo wa grisi ya kiwandani na shabaha yake hupanda na kushuka. Maliza kopo zima la risasi 500 kwenye karatasi kabla hujamwendea mnyama, ukiangalia skrubu za kitako kila baada ya risasi hamsini, kwani mtikisiko huzilegeza na shabaha mbaya nyingi nilizoletewa nirekebishe zilitokana na skrubu iliyohitaji robo mzunguko tu. Usisumbuke na kiondoa sauti: kelele nyingi za springi zinatoka ndani ya silinda, si mdomoni mwa mtutu, ingawa kwenye HW95 kinasaidia kama mpini mrefu wa kukunjia.

Kopo likiisha, chora duara la milimita 30 kwenye kadi, lipate ukubwa unaokaribia eneo la ubongo wa sungura, uzitundike kadi hizo kwenye mita 15, 20, 25, 30 na 35. Usitumie meza. Piga risasi tano ukiwa umekaa, tano umepiga goti, tano umesimama ukiegemea mti kwa mkono, jinsi utakavyokuwa shambani, ukiwa na koti lile lile na glavu zile zile. Mahali ambapo risasi zote tano zimeingia ndani ya duara ndipo unapoweza kumpiga mnyama, na mahali ambapo nne zimeingia na moja imetoka hapafai, kwa sababu hiyo moja ndiyo ya mguu wa nyuma. Mimi kwa HW97 naishia mita 30 nikiwa nimekaa, 25 nikipiga goti na 15 tu nikisimama. Nimeziandika kwa kalamu ya wino ndani ya kifuniko cha kopo la risasi, na sungura akikaa mita 40 kwenye majani mafupi, wima, ubavu wazi, akiota jua, huwa namtazama kwa darubini kisha natambaa kwa tumbo kusogea, au naondoka.